Njia ya Maporomoko Hupita Shambani kwa Mtu

Mgeni anayefika Sipi kwa mara ya kwanza huuliza lango liko wapi. Amezoea kwamba kila penye kivutio cha utalii pana geti, kibanda cha tiketi na askari mwenye sare, kwa hiyo hushangaa anapoambiwa kwamba maporomoko yetu ya maji hayana lango hata moja. Maporomoko ya Sipi yako nje ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, katika wilaya ya Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, na ardhi inayoyazunguka ni mali ya watu: mashamba ya kahawa na migomba, nyua za nyumba, malisho ya ng'ombe wawili watatu, na makaburi ya familia. Nimeongoza wageni katika vilima hivi kwa miaka mingi, na jambo kubwa kuliko yote nililojifunza ni kwamba maji hujionyesha yenyewe bila msaada wangu. Kinachohitaji mwongozaji ni kumpitisha mgeni katikati ya maisha ya watu wengine bila kuyavuruga, na kuhakikisha kwamba wale wanaopitiwa watapenda kuwaona wageni wengine kesho.

Anayetoka Mbale hupita Sironko kwenye tambarare, kisha barabara huanza kupanda na kujipinda hadi masikio yakaziba, na kabla ya kufika Kapchorwa, mji ulio takriban kilomita 65 kutoka Mbale, hukutana na senta ndogo ya Sipi iliyojengwa karibu na ukingo wa jabali. Mto Sipi hushuka kutoka miteremko ya Elgon na kuanguka mara tatu kabla ya kuifikia tambarare. Poromoko la juu huitwa Ngasire. La kati huitwa Simba, na nyuma ya maji yake kuna pango ambamo mtu anaweza kusimama akatazama nje. La chini, lenye urefu wa takriban mita 100, ndilo linaloonekana katika picha nyingi. Mtu wa mwendo wa kawaida huhitaji karibu saa nne kuyazunguka yote matatu, na katika saa hizo atakuwa amekatiza mashamba ya familia nyingi kuliko anavyodhani, kwa sababu mipaka yetu ni safu za miti na vichaka ambazo jicho la mgeni halizitambui.

Kuna mzee mmoja ambaye shamba lake limekatwa na njia iendayo kwenye poromoko la chini. Kwa muda mrefu alichopata kutoka kwa wageni kilikuwa salamu tu, naye alizipokea kwa ukarimu. Msimu mmoja wa mvua, kampuni moja ya utalii kutoka mjini ilileta kundi kubwa la vijana bila kuchukua mwongozaji wa hapa. Njia ilikuwa matope matupu, na vijana wale, kwa kuogopa kuchafua viatu, walitoka njiani na kupita kandokando, katikati ya miche ya kahawa ambayo mzee alikuwa ameipanda miezi michache kabla. Kesho yake nilipofika pale na wageni wangu, nilikuta njia imezibwa kwa matawi ya miiba, na mzee ameketi kwenye kigoda pembeni, akichonga vigingi vya ua kwa panga.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Nzuri, kijana wangu. Lakini leo hapa hapapitiki."

Hakupandisha sauti. Aliinuka, akaniongoza hatua chache ndani ya shamba, akainama na kuinua mche mmoja kwa vidole viwili. Shina lilikuwa limevunjika juu kidogo ya ardhi, likining'inia kwa gamba tu, na kando yake alama ya soli ilikuwa bado imesimama ndani ya udongo. "Mche huu nimeulea kitaluni karibu mwaka mzima," alisema, "na ungenichukua kama miaka mitatu mingine kabla sijaona matunda ya maana. Wewe mgeni akija unalipwa leo. Mimi nitalipwa lini?"

Niliwapeleka wageni wangu mahali pengine, wakayatazama maporomoko kutoka mbali, na jioni tulikutana nyumbani kwa mzee: sisi waongozaji, jirani zake wawili wenye mashamba yanayopitiwa, na mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji. Mazungumzo yalichukua jioni kadhaa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kidonda chake cha zamani. Mwishowe tulihamisha njia, tukaipeleka mpakani mwa shamba badala ya katikati, tukachonga ngazi katika udongo na kuzishikilia kwa nguzo za mikalitusi. Tukakubaliana kwa maandishi kwamba kila mgeni atalipiwa ada ya kupita, na kwamba ada hiyo itawekwa mkononi mwa mwenye shamba palepale, siku ileile. Mjukuu wa mzee akaanza kuchonga mikongojo na kuikodisha kwa wageni mwanzoni mwa mteremko. Makundi yasiyo na mwongozaji wa hapa yangezuiwa na wenye mashamba wenyewe, nao wangeungwa mkono na kijiji kizima.

Suala la fedha hizo kukaa mkononi badala ya kwenye mfuko wa pamoja lilitugawanya sana. Baadhi ya wenzangu walitaka ada zote ziingie katika akaunti ya chama chetu cha waongozaji, kisha zigawanywe mwisho wa mwezi au zijenge kitu cha jamii. Mimi nilipinga wakati ule na bado napinga. Mfuko wa pamoja ni mzuri kwa kutengeneza njia na madaraja madogo, nasi tunao. Lakini anayekanyagiwa miche hakanyagiwi na jamii yote, anakanyagiwa peke yake, na subira yake haiwezi kulipwa kwa bati la shule ambayo watoto wake walishamaliza. Tangu mzee aanze kupokea noti mbele ya macho ya mgeni anayempitia, mambo mawili yamebadilika. Kwanza, mgeni huona kwamba kuna mwenyewe, na hutembea kwa adabu bila kuhubiriwa. Pili, mzee ndiye anayefyeka njia mvua inaponyesha na majani kurefuka, na hakuna aliyemwagiza.

Wageni hulalamika, na malalamiko yao nayaelewa. Mtu akilipa hapa, akalipa pale, akalipa tena baada ya hatua mia mbili, huanza kuhisi anachunwa. Nimeona mtu akikasirikia shilingi 5,000 alizodaiwa njiani, ilhali usiku uliotangulia alilipia chumba mara nyingi ya kiasi hicho bila kinyongo. Hasira yake haikutokana na wingi wa fedha bali na kushtukizwa. Ndiyo maana sasa, kabla hatujaondoka senta, namwambia mgeni jumla nzima: sehemu yangu, sehemu za wenye mashamba, na sehemu ya chama. Namwambia pia kwamba nitampa yeye noti hizo ndogo ndogo azitoe kwa mkono wake mwenyewe. Wengi hulipenda jambo hilo. Wazungu hupiga picha wakitoa, Wakenya huanza kuulizana na mwenye shamba bei ya ekari, na safari inakuwa na mazungumzo ambayo mimi nisingeweza kuyatunga.

Kuhusu njia yenyewe nina mashauri machache, na naomba yachukuliwe kwa uzito, maana watu huumia. Napendelea kuanzia poromoko la juu asubuhi na kushuka, kwa sababu mawingu ya mlima huu hukusanyika baada ya adhuhuri, na mvua ikimkuta mgeni akiwa bado juu, kushuka huwa kazi ya mikono na magoti. Udongo wetu ni wa volkano, wenye rutuba sana, na ukilowa huteleza kama sabuni. Raba za mjini zenye soli laini hazifai hata kidogo. Gambuti za kawaida, zile ambazo mama anazivaa akienda kukamua ng'ombe, zinafaa kuliko viatu vingi vya bei ghali, na pale senta zinapatikana za kukodi. Mkongojo usidharauliwe na yeyote, hata kijana mwenye nguvu. Kwenye mteremko wa poromoko la chini kuna ngazi za kupandia na kushukia, na hapo nawataka wageni washuke wakiitazama ngazi, kwa zamu, bila simu mkononi.

Nimejifunza kuwasoma watu kwa miguu kabla ya kuwasikiliza kwa midomo. Mtu akiulizwa kama amechoka atasema hapana, hasa akiwa na mchumba wake au wafanyakazi wenzake. Lakini miguu haisemi uongo: mtu aliyechoka huanza kuweka nyayo bapa, huacha kuangalia alipo na kutazama mbali, na kila akishuka hatua hushika tawi lolote lililo karibu, hata la mti wa miiba. Nikiona hivyo sisemi kwamba tunapumzika kwa ajili yake. Nasimama mimi, naeleza jambo kuhusu mmea fulani au naonyesha tambarare ya Karamoja inayoonekana upande wa kaskazini, na kundi zima hupumua.

Saa nzuri kuliko zote za safari hii, kwa maoni yangu, hazipatikani majini. Zinapatikana uani kwa mama mmoja anayelima kahawa karibu na njia. Kahawa ya Arabika ya mlima huu hujulikana sokoni zaidi kwa jina la Bugisu, jina la jirani zetu wa upande wa magharibi, na ushirika wa Bugisu umekuwepo tangu mwaka 1954. Mkulima wetu amezoea kuiuza ikiwa bado katika ganda lake jeupe la ndani. Yanayofuata huko mbele hayaoni, na wengi wa wakulima wa hapa nyumbani kwao hunywa chai ya maziwa. Wageni wakaanza kuuliza: hii kahawa tunayoiona mtini inakuwaje hadi ikafika kikombeni? Swali hilo likazaa kazi.

Mama huwapa wageni vikapu wachume matunda mekundu peke yake, na huwarudishia ya kijani kwa uso mkali kidogo. Matunda hupitishwa katika mashine ya mkono inayomenya ganda la nje, huachwa yachachuke usiku kucha, huoshwa na kuanikwa. Kwa kuwa mgeni hawezi kusubiri siku zote hizo, mama huwa na kahawa iliyokauka tayari. Hapo ndipo kinu kinapotoka. Mgeni hupewa mchi, hutwanga mara kumi kwa nguvu nyingi na punje zinaruka nje, kisha mama huuchukua mchi na kuonyesha kwamba unaangushwa kwa uzito wake wenyewe, ukisukumwa kidogo pembeni, ili maganda yasuguane na kuachia bila punje kuvunjika. Hupepeta kwa ungo. Hukaanga katika sufuria juu ya kuni, akikoroga bila kusimama, na hawaangalii wageni tena. Anasikiliza. Punje huanza kulia, mlio mkavu wa kupasuka, na harufu hubadilika kutoka ya majani makavu hadi ile ambayo kila mtu anaijua. Anaipua kabla mlio haujaisha, kwa sababu sufuria nzito huendelea kukaanga hata ikiwa chini.

Siku za mwanzo waongozaji walizoea kueleza kila kitu wenyewe kwa Kiingereza, na mama alisimama pembeni akitabasamu, akishika ungo kama kielelezo cha darasani. Tulilibadilisha hilo. Sasa anayesema ni mama, kwa Kiswahili au kwa Kupsabiny, lugha yetu ya hapa iliyo katika jamii ya Kikalenjini, na mwongozaji anatafsiri tu. Safari imekuwa ndefu zaidi na bora zaidi. Mama anaeleza mambo ambayo mwongozaji kijana hayajui: mti gani ulipandwa na mama mkwe wake, kwa nini kahawa iliyo chini ya kivuli cha migomba hukomaa polepole, bei ilikuwaje mwaka ambao binti yake alipelekwa sekondari. Mgeni huondoka na mfuko wa kahawa ambao bei yake imepangwa na mama mwenyewe, na kwa uzito uleule anapata zaidi ya anachopata kwa mnunuzi wa barabarani.

Kushuka kwa kamba kando ya poromoko la chini nitakueleza kwa ufupi, maana ni kazi ya mafundi wengine na mimi husaidia tu. Ni mita 100 za hewa, na upepo ukigeuka rasharasha za maji humlowesha mtu mzima. Ninachokagua kabla ya kumkabidhi mgeni wangu ni vitu vitatu: kuwe na kamba mbili, moja ya kushukia na nyingine ya tahadhari yenye mtu wake, helmeti ikae sawa na ifungwe kidevuni, na fundi aweze kunieleza kamba ile imetumika tangu lini, kwa sababu kamba huchakaa kwa umri na matumizi hata kama kwa macho inaonekana nzima. Na mtu anayesukumwa na marafiki zake ashuke, huku yeye mwenyewe anatetemeka na kukataa, simruhusu hata kama ameshalipa. Fedha hurudishwa.

Asubuhi katika barabara ya Kapchorwa kuna kivutio kingine ambacho hakimo katika orodha yoyote ya bei. Kabla jua halijapanda, vijana hukimbia kwa makundi, kimya, wakipishana na watoto wa shule waliobeba vidumu vya maji. Hapa Sebei, eneo letu hili, ndipo alipozaliwa Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012 na kuiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Hapa ndipo anapotoka Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 huko Tokyo na wa mita 10,000 huko Paris mwaka 2024, na Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Wageni husikia majina hayo na kutaka kukimbia nao. Nawaruhusu wajaribu, kwani kukimbia katika hewa nyepesi ya mwinuko wa karibu mita 2,000 humfundisha mtu heshima ndani ya dakika tano. Ninachowakataza ni kuliendesha gari kando ya wakimbiaji wakiwapiga picha. Vijana wale wako kazini. Moshi wa gari wanauvuta kwa mapafu yaliyofunguka kabisa, na wengi wao hawatapata medali wala jina, watakuwa na miguu yao tu na matumaini ya familia iliyouza ng'ombe ili wanunue viatu. Anayetaka picha asubiri wamalize, awasalimie, aombe.

Watoto ni habari nyingine, na inaniuma zaidi. Ilifika wakati ambapo mtoto wa miaka sita, akiona mgeni kwa mbali, alitoka mbio hadi njiani mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Peremende na sarafu za wageni wenye huruma ndizo zilizowafundisha. Walimu walianza kutuambia kwamba siku za watalii wengi madarasa ya chini hupungua. Tulikaa na wazazi, na kauli iliyopita ni moja tu: mgeni asimpe mtoto chochote njiani. Anayetaka kusaidia tunampeleka shuleni akaonane na mwalimu mkuu, na apewe risiti. Mwanzoni wageni wengine walituona kuwa watu wenye roho ngumu. Lakini leo watoto husalimia, huuliza jina lako na kukimbia nawe hadi mpakani mwa shamba lao, na huo ni utoto wa kawaida ambao nilikaribia kuamini umepotea hapa.

Juu ya maporomoko, mashamba yanapokoma, ndipo hifadhi inapoanza, na huko sasa lango lipo. Kwenye kituo cha Kapkwai mtu hulipa ada ya serikali na kupata njia za msituni za nusu siku, zenye mbega weupe kwa weusi na mapango, na pia mwanzo wa njia ya Sipi iendayo hadi kileleni. Wengine huanzia Kapkwata kwa njia ya Piswa, na wengine Budadiri kwa njia ya Sasa iliyo fupi na kali zaidi. Kilele cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321, na kupanda na kushuka huchukua siku nne au tano, kwa kupitia mianzi, kisha nyika za juu zenye mimea mikubwa ya lobelia, hadi ukingo wa kreta pana iliyobaki baada ya volkano hii ya kale kuporomoka. Anayewachukua wapagazi akague mizigo yao na mavazi yao. Usiku wa juu hugandisha maji kwenye chupa, na mpagazi aliyepewa blanketi moja jepesi huteseka kwa ajili ya starehe ya mtu mwingine.

Sheria inaelekeza kwamba asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini irudi kwa jamii zinazopakana nayo. Ni jambo jema. Hata hivyo mgeni anayepanda huko ajue kwamba lango lile nalo liliwekwa katika ardhi yenye watu. Msitu ulipogeuzwa kuwa hifadhi ya taifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wabenet, ndugu zetu walioishi kwa vizazi katika nyika za juu wakifuga na kuokota asali, waliondolewa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya makubaliano iliyowatambua kuwa wenyeji wa kihistoria wa maeneo yale, lakini hadi sasa familia nyingi hazijapata ardhi ya kudumu. Huwaeleza wageni wangu habari hiyo tukiwa bado chini, kabla hawajauona mlima kama mahali patupu palipowekwa kwa ajili yao. Baadhi hunyamaza. Baadhi huuliza maswali mazuri kuliko yale ya urefu wa kilele.

Uzuri wa vilima hivi na hatari yake vinatoka katika udongo uleule. Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifukia vijiji huko Bududa, upande mwingine wa mlima huu, na Novemba 2024 msiba wa aina hiyo ukawafikia jirani zetu wa Bulambuli. Tangu hapo sikubali njia mpya ichongwe mahali popote kwa sababu tu panaonekana vizuri kwa picha. Njia ikikatwa moja kwa moja kushuka mteremko, maji ya mvua huifanya mfereji, mfereji huwa korongo, na korongo hudhoofisha shamba lote lililo juu yake. Njia inapaswa kukata mteremko kwa pembe, iwe na vijitaro vya kutolea maji kila baada ya hatua kadhaa, na ukingo wake wa juu upandwe matete au miti. Kazi hiyo tunaifanya pamoja na wenye mashamba kabla ya mvua za Machi, na waongozaji wasiojitokeza na majembe hawapangiwi wageni mwezi unaofuata.

Barabara ya lami ya kilomita 73 kutoka Kapchorwa hadi Suam, mpakani na Kenya, imebadilisha aina ya wageni wetu. Zamani wengi walikuwa Wazungu waliokuja na mikoba mgongoni. Sasa mwisho wa juma magari hutoka Kitale na Eldoret, familia nzima na bibi ndani, na kutoka upande wa Kampala huja vijana wa maofisini na wanafunzi wa vyuo. Nafurahi mno kuona watu wetu wenyewe wakitembea katika nchi yao. Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, sisi wa hapa tulikuwa tumeshakizoea kwa sababu ya mpaka na masoko, na leo ndicho kinachoniwezesha kumkutanisha bibi wa Kitale na mama wa kahawa bila mkalimani yeyote. Wanaanza na habari za mvua, wanagundua kwamba Kikalenjini cha mmoja kinasikika kwa mwingine, na mimi sina kazi tena.

Lakini wageni hawa huja wengi kwa siku moja, kwa magari, na hawalali. Jumamosi magari hujipanga pande zote mbili za barabara pale senta hadi boda boda zenyewe hazipiti, na baadhi ya madereva wameanza kuyaegesha ndani ya mashamba, kwenye kipande chochote kilicho wazi. Mama mmoja mjane mwenye shamba dogo juu ya ukingo, mahali ambapo tambarare yote inaonekana jioni, ameombwa na mfanyabiashara amuuzie kipande hicho kijengwe maegesho na mgahawa. Sisi tumemshauri asiuze, akodishe, kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa na LC, na magari yalipiwe kwa idadi. Kodi hiyo, kama magari yakiendelea kuja hivi, itamsomeshea watoto wake na shamba litabaki kwa jina lake. Hajaamua. Amesema atazungumza kwanza na shemeji zake baada ya mavuno ya kahawa, na mfanyabiashara amekubali kusubiri. Mimi na mwenyekiti tumeahidi kuwepo siku hiyo, na nimeshamtafutia nakala ya mkataba wa mzee wa miche, ili aone maneno yaliyotumika na kiasi kilichoandikwa.